Tlou na Vyuma vya Kizimba

Kila asubuhi Mma Gofaone, yaani mama yake Gofaone, aliamka kabla ya jua. Alifagia uwanja, akawasha moto, akateleka maji ya chai. Kisha alivaa gauni lake la buluu na kitambaa cha buluu kichwani, mavazi ya mjane, akaketi kwenye ngazi ya baraza. Akangoja kelele ianze.

Haikukawia.

Kakara-kakara-kakara. Meno juu ya chuma.

"Tlou kaamka," alisema wifi yake, Mosidi, kutoka jikoni. "Na mji wote wa Mahalapye umeamka naye. Kama kuna mtu bado amelala, huyo ni maiti."

Mara akaziba mdomo kwa kiganja. "Nisamehe, wifi."

"Si kitu," alisema Mma Gofaone. "Mpe maji."

Tlou alikuwa sungura, wa rangi ya majivu, sikio moja limesimama na jingine limelala. Jina lake maana yake ni ndovu. Alipewa na marehemu mume wa Mma Gofaone, Rra Gofaone, siku alipomleta kutoka maonyesho ya kilimo, akiwa mdogo hata akalala ndani ya kofia. Rra Gofaone alikuwa gadi wa treni kwa miaka thelathini. Alipostaafu alisema atafuga sungura wa nyama. Akanunua mmoja, akampa jina. Na mtu akishampa mnyama jina, kitoweo kimekwisha.

Majirani walimcheka. "Rra Gofaone, leo umekitoa kitoweo kutembea?"

"Hiki kitoweo," yeye alijibu, "ndicho kitakachonizika."

Alifariki mwezi wa kulima. Mvua ya kwanza ilinyesha juu ya kaburi lake.

Baada ya mazishi, mjomba wa marehemu, mzee Sebego, alifunga chumba kwa ufunguo. Ndani zilibaki nguo za marehemu, kofia yake ya kazi, taa yake na filimbi yake. Hivyo ndivyo tunavyofanya. Vitu vya marehemu havitembei. Vinangoja mwaka uishe, mjane avue buluu, mjomba afungue mlango na kumgawia kila mtu fungu lake. Mzee alipotoka barazani aliona kizimba. Akakielekezea fimbo.

"Na hicho pia ni chake. Kibaki kama alivyokiacha. Kisiguswe mpaka siku ya kugawa."

Rra Gofaone alikuwa amekiacha kimefungwa. Basi kikabaki kimefungwa.

Tena kulikuwa na jambo la pili. Mjane aliye katika buluu ana miguu ya moto. Haingii zizini. Akipita kati ya ng'ombe, mimba zitaharibika. Akimshika ndama, atadhoofika. Mma Gofaone hakuwa mtu wa kubishana na mila katika mwaka ule. Alikaa mbali na kizimba hatua tatu, nne. Mosidi, dada wa marehemu, aliyekuja kukaa naye, ndiye aliyepitisha chakula kwenye uwazi wa chini.

Mwezi wa kwanza sungura alikaa kimya. Mwezi wa pili akaanza kuguguna vyuma. Mwezi wa tano hakuacha tena.

Wakajaribu kila kitu. Walimpa kipande cha mkate wa bapa ili anyamaze. Alinyamaza kwa muda wa kuula mkate, kisha akarudi kwenye vyuma. Walifunika kizimba kwa blanketi. Aliguguna gizani. Shemeji Tiroyaone, mdogo wa marehemu, aliwaambia wapake vyuma pilipili. Mosidi akapaka. Tlou akalamba, akasugua macho kwa miguu, na siku ile nzima hakula kitu. Mma Gofaone alimwamuru Mosidi akaoshe kila chuma kwa maji, mara tatu.

"Basi mkateni meno kwa koleo," alisema Tiroyaone Jumapili iliyofuata. Alikuwa amekuja kula, kama kawaida yake. "Mimi ninayo koleo nyumbani."

"Nani atamshika?" aliuliza Mosidi.

"Wewe."

"Na wewe nikukate meno yako kwanza, tuone kama utanyamaza."

Tiroyaone alicheka, akajipakulia uji wa mtama mara ya pili. Kisha akasema polepole, "Mimi nasema tu. Siku ya kuvua buluu watu watakuwa wengi. Nyama itahitajika. Huyu anakonda kila wiki. Afadhali aliwe sasa akiwa na kitu mifupani kuliko afe bure."

Mma Gofaone aliweka kijiko chini.

"Shemeji. Nimeshazika mmoja mwaka huu. Tlou hafi kwenye uwanja wangu, na haliwi pia. Siku ya kugawa mjomba atamkuta hai."

"Utafanyaje? Kumgusa huruhusiwi."

"Sijui nitafanyaje. Lakini nimesema."

Wiki ile Mosidi aliona damu kidogo kwenye chuma cha mbele. Jino moja la juu lilikuwa limemeguka ncha.

Siku ya tatu baadaye, watu wa idara ya mifugo walipita mtaani kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Aliyeingia uwanjani kwa Mma Gofaone alikuwa msichana mrefu mwenye buti za mpira na kisanduku cha dawa begani. Jina lake Boikanyo.

"Hodi hapa, Mma. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa, mwanangu. Mbwa yuko kule nyuma. Haumi, anatisha tu."

"Wote huniambia hivyo," alisema Boikanyo, na akaonyesha kovu mkononi.

Alimchanja mbwa bila shida. Alipokuwa anaandika kadi, kelele ilianza barazani. Kakara-kakara-kakara. Boikanyo akainua kichwa. Mosidi alikuwa tayari anatoka jikoni na kipande cha mkate.

"Subiri, Mma," alisema Boikanyo. "Unampelekea nani huo mkate?"

"Huyo bwana. Tusipompa atatutoboa masikio."

"Na mkimpa, ananyamaza?"

"Mpaka aumalize."

"Kisha?"

"Kisha anaanza tena, tunampa mwingine."

Boikanyo alitabasamu. "Mmemfundisha vizuri. Yeye akipiga kengele, nyinyi mnaleta chai. Hata mimi ningepiga."

Mosidi aliutazama mkate, akamtazama sungura. "Mwizi huyu," alisema. "Miezi mitatu ananituma."

Boikanyo alichuchumaa mbele ya kizimba. Hakuharakisha. Aliangalia kinyesi sakafuni, akaangalia maji, akaangalia chakula. Akaomba ruhusa amshike. Mma Gofaone, akiwa hatua nne nyuma, alisita.

"Kizimba ni cha marehemu. Hakifunguliwi."

"Mimi ni mtu wa serikali, Mma, nimekuja kwa mifugo. Nitafungua, nitamtazama, nitafunga. Sitabeba kitu."

Mma Gofaone alifikiri. "Mtazame," alisema.

Boikanyo alimtoa Tlou kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mmoja chini ya makalio, akampakata. Aliinua mdomo wa juu kwa kidole gumba.

"Njooni muone. Wewe, Mma, tazama kutoka hapo ulipo. Hili limemeguka. Litaota tena. Meno ya sungura hayaachi kukua mpaka siku anapokufa. Ni kama kucha zenu. Kwa hiyo lazima yasagike kila siku. Swali ni yanasagikaje."

"Kwa vyuma," alisema Mosidi.

"Hapana. Chuma hakisagi jino, kinalimega. Kinaweza kulipinda. Likishapinda, la juu na la chini hayakutani tena, na hapo hawezi kutafuna. Na sungura asipokula siku moja tu, tumbo lake linasimama. Sungura wengi hufa hivyo, watu wanadhani wamerogwa."

"Kuna mtu alisema tumkate kwa koleo," alisema Mma Gofaone.

"Msithubutu. Jino litapasuka mpaka kwenye fizi. Meno ya sungura hukatwa na daktari wa mifugo tu, kwa chombo chake. Mkiona anatoka mate, au anaacha chakula, au haendi haja, siku hiyohiyo mleteni kwetu. Msingoje kesho. Huyu bado. Lakini amekonda."

Akamrudisha ndani, akafunga mlango. Tlou akageuka palepale, akaweka meno kwenye chuma kilekile.

"Sasa niambieni," alisema Boikanyo. "Anaguguna zaidi saa ngapi?"

Mosidi akajibu kwanza. "Saa zote."

"Hapana," alisema Mma Gofaone taratibu. "Asubuhi mapema. Na jioni, jua likianza kuzama. Jioni ndiyo mbaya kabisa."

"Zamani, jioni alikuwa anafanya nini?"

Mma Gofaone alitazama lango.

Jioni treni ya mizigo ilipopita, Rra Gofaone alikuwa akitoka chumbani na filimbi yake. Aliipuliza kidogo tu, kama anayemwamsha mtoto. Kisha alifungua kizimba. Tlou alitoka mbio, akazunguka uwanja mzima, akaruka na kujipinda hewani, akaja kulala juu ya kiatu chake. Asubuhi hivyohivyo. Kizimba kilikuwa cha kulalia tu.

"Alikuwa anafunguliwa," alisema Mma Gofaone. "Asubuhi na jioni. Mume wangu alimfungulia."

Tlou aliendelea kuguguna chuma.

"Basi hana ukorofi, Mma," alisema Boikanyo. "Anabisha hodi."

Mma Gofaone alikaa kwenye ngazi. Tangu mwezi wa pili alikuwa amesikia kelele ile akidhani ni kero. "Niambie la kufanya," alisema. "Lote. Mosidi, sikiliza na wewe."

Boikanyo alikaa pia, akavua kofia. Mbwa wa mtaa wakamngojea.

"La kwanza ni nafasi. Kizimba hiki anaruka mara moja, pua inagonga ukuta. Sungura ni mnyama wa kukimbia. Mfanyieni ua wa wavu hapo chini ya kivuli, kizimba kiwe ndani ya ua, mlango uwe wazi tangu asubuhi mpaka magharibi. Wavu mfukie chini urefu wa mkono, maana anachimba. Mbwa asimfikie. Usiku arudi ndani."

"La pili?"

"Nyasi kavu. Sioni hata jani moja humu. Chakula chake kikuu ni nyasi, mchana na usiku, zisiishe. Ndizo zinazosaga meno. Mkate wa bapa hauyasagi, unamvuruga tumbo. Mkate basi tangu leo. Nyasi, maji safi, na majani mabichi kidogo kidogo, muanze polepole asije akaharisha."

"Nyasi ni nyingi kando ya reli," alisema Mosidi.

"Za kando ya reli hapana. Hupigwa dawa ya kuua magugu. Tafuteni za malishoni."

Alisimama akatembea uwanjani, akitazama miti. Akasimama kwenye mforosadi karibu na tangi la maji. "Huu ni mzuri. Kateni matawi yake, majani na gome na vyote, mumpe agugune. Mdomo wa sungura lazima ufanye kazi. Usipompa kazi, atajitafutia." Kisha akaenda kwenye ule mti wa maua ya rangi ya waridi uliopandwa langoni kwa urembo. "Huu hapana. Hata jani moja. Ni sumu kwake, ni sumu kwa mbuzi, ni sumu kwenu."

"Na mpichi?"

"Mpichi nao uacheni. Mkiwa na shaka na mti, msimpe. Boksi la karatasi ngumu anaweza kulichana, ila mtoe gundi na pini. Hapo pa mbele anapopenda kuguguna, pigilieni ubao kwa ndani, mtupu, usio na rangi. Akiuma, aume mti."

"Na kelele?" aliuliza Mosidi. "Akiguguna nimfanyeje? Nikipige kibao kizimba?"

"Ukikipiga unamtisha, na bado ameshinda, maana umekuja. Msimpe kitu. Msimwendee. Msimwite jina. Mpe chakula kabla hajaanza, au akiwa ametulia. Na niwaambie ukweli. Siku za kwanza atazidisha. Atasema, hawa wamezibwa masikio, nipige kwa nguvu. Ukimpa siku ya tatu kwa sababu umechoka, umemfundisha kupiga kwa siku tatu. Bora usianze."

"Nitaanza," alisema Mma Gofaone.

Boikanyo akabeba kisanduku chake. Langoni akageuka. "Na mkimsikia anasaga meno polepole, midomo imefumba, mwili umelegea, msiogope. Hiyo ni furaha. Akisaga kwa nguvu huku amejikunyata, hayo ni maumivu."

Alipokwenda, Mosidi alishika kiuno. "Wifi, yote nimesikia. Lakini mjomba alisema kisiguswe."

"Ndiyo maana naenda kwa mjomba."

"Lini?"

"Sasa hivi. Mjane harudi nyumbani baada ya jua kuzama, na jua bado lipo."

Mzee Sebego alikaa upande wa pili wa mto, mto wetu wa mchanga usio na maji. Mma Gofaone aliuvuka kwa miguu katika joto la mchana. Alimkuta mzee amekaa kwenye kigoda, amefungua redio yake vipande vipande juu ya gazeti. Alisalimia kwa magoti yote mawili, akaketi chini mbali kidogo.

"Mkwe," alisema mzee bila kuinua macho. "Watu wa buluu hawatembei ovyo."

"Sikutembea ovyo, Mjomba. Nimekuja moja kwa moja."

Akamweleza yote. Mzee alisikiliza akitafuta skrubu. Mwishowe alisema, "Vitu vya marehemu havitembei. Baba yangu alisema hivyo, na baba yake. Leo ukifungua kizimba, kesho Tiroyaone atasema na mimi nifunguliwe chumba, nachukua koti tu. Keshokutwa chumba kitupu."

"Ni kweli, Mjomba."

"Basi."

Mma Gofaone hakuinuka. Alikunja pindo la gauni lake, akalikunjua.

"Mjomba, nina swali. Ng'ombe wa marehemu wako wapi?"

"Malishoni. Unajua."

"Tangu siku ya mazishi wamefungwa zizini?"

Mzee aliacha skrubu. "Ng'ombe utamfungiaje mwaka mzima? Atakufa. Wanatoka asubuhi, wanarudi jioni."

"Nani aliruhusu watoke?"

"Hakuna aliyeruhusu. Ni ng'ombe. Wanakula."

"Na Tlou anakula, Mjomba."

Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza.

"Siku ile ulionyesha kizimba kwa fimbo," aliendelea Mma Gofaone. "Kizimba kisiguswe, sawa. Lakini sisi tumemweka mnyama pamoja na koti na taa. Koti likifungiwa mwaka linabaki koti. Sungura akifungiwa mwaka, siku ya kugawa utagawa ngozi. Watu watauliza, mali ya mpwa wako ilifia mikononi mwa nani? Watasema mjane. Lakini ufunguo ulikuwa wako."

Mzee alisukuma vipande vya redio kando.

"Mwanamke huyu," alisema mzee, kama anamwambia mtu mwingine. "Mpwa wangu alipata wapi pumzi miaka yote?" Akasugua paji la uso. "Ng'ombe hutoka akarudi zizini kwake. Basi na huyo atoke, arudi kizimbani kwake. Kizimba kisitoke uwanjani. Na wewe usimshike. Miguu yako bado ni ya moto."

"Simshiki."

"Nani atamshika?"

"Mosidi."

Mzee Sebego alicheka mpaka akakohoa. "Mosidi anayeogopa kuku?"

Mosidi alipoambiwa, alikaa chini. "Mimi? Nimbebe yule? Ana kucha."

"Ana kucha," alikubali Mma Gofaone. "Mkono mmoja kifuani, mmoja makalioni. Ulimwona msichana alivyofanya."

"Yule ni wa serikali."

"Na wewe ni dada wa marehemu. Simama, wifi."

Kesho yake walianza kazi. Mma Gofaone alichimba mtaro kwa jembe, kwa kuwa hakuna mila inayomkataza mjane kuchimba mchanga. Alizungushia wavu wa zamani wa bustani kwenye vigingi, kutoka baraza mpaka mforosadi. Aliufukia mpaka kiganja kikapata malengelenge. Wifi yake alipigilia ubao kizimbani, akijigonga kidole na kumtukana sungura kwa kila pigo. Mzee Sebego, bila kuambiwa na mtu, alileta robota la nyasi kavu kutoka malishoni juu ya gari la punda.

"Si la sungura," alisema. "Lilikuwa linanijazia nafasi."

Jioni treni ya mizigo ilipopita, Mosidi alifungua mlango wa kizimba, akaruka nyuma kama aliyefungulia simba. Tlou alitoa pua. Akatoa sikio. Akatoka hatua mbili, akarudi. Miezi mitano ni mingi. Mara akatoka tena, akasimama kwa miguu ya nyuma akitazama mlango wa chumba kilichofungwa. Alitazama kwa muda mrefu.

Mma Gofaone aligeuza uso.

Alipogeuka tena, sungura alikuwa anakimbia. Alikimbia kufuata wavu, pande zote nne, akaruka akajipinda hewani.

"Ana wazimu," alisema Mosidi, lakini kwa sauti ndogo.

Kazi ngumu ilikuwa asubuhi. Kabla ya jua, Tlou alikuwa ndani, na alitaka mkate wake. Aliupita ubao, akakuta chuma kingine pembeni. Kakara-kakara-kakara, kuliko siku zote. Nyasi zilikuwepo tele tangu usiku, na hakuzigusa. Mosidi alitoka jikoni, akasimama, akarudi jikoni.

"Wifi, kimoja tu."

"Hapana."

"Kidogo kama ukucha."

"Kaa chini, Mosidi. Kunywa chai."

"Nitakunywaje? Kikombe kinatetemeka."

Walikaa bega kwa bega kwenye ngazi, migongo yao kizimbani, wakitazama lango. Hawakugeuka. Aliguguna, akapumzika, akaguguna. Aliponyamaza, Mma Gofaone alihesabu pumzi zake mpaka ishirini. Kisha akasema, "Sasa." Mosidi akaenda akafungua mlango, akaweka tawi la mforosadi uani.

Siku ya pili alizidisha, kama walivyoambiwa. Siku ya tatu jirani aliuliza juu ya ukuta kama wanakata mabati. Siku ya nne Tiroyaone alikuja kula, akasikia kelele, akachukua mkate mezani kwenda kumnyamazisha. Mma Gofaone alimzuia mlangoni.

"Shemeji, ukimpa huo mkate, wewe ndiye utakayelala hapa kumsikiliza."

"Ni mkate tu."

"Ni siku nne za kazi yangu. Rudisha."

Tiroyaone akarudisha. Siku ile alikula kidogo.

Siku ya tisa, Mma Gofaone aliamka kabla ya jua. Alifagia, akawasha moto, akateleka maji. Akaketi kwenye ngazi. Akangoja.

Mosidi alitoka jikoni macho yamemtoka. "Wifi. Amekufa?"

Walikwenda pamoja, Mosidi mbele na Mma Gofaone hatua nne nyuma. Tlou alikuwa amekaa kizimbani, unyasi mrefu umetoka mdomoni, unaingia kidogo kidogo kama uzi kwenye cherehani. Aliwatazama, akaendelea kula.

Mosidi alianza kucheka. Akacheka huku anafuta machozi, na Mma Gofaone naye, mpaka jirani akauliza tena kuna nini.

Boikanyo alipita baada ya mwezi. Alimpima, akainua mdomo. Jino lililomeguka lilikuwa limeota, limekutana na mwenzake sawasawa. "Nani anamshika siku hizi?" aliuliza.

"Mimi," alisema Mosidi. "Kuna namna yake. Mkono mmoja kifuani. Tazama, nikuonyeshe."

Siku moja moja aliguguna bado, mvua ikiwazuia kumfungulia. Hawakumpa kitu, naye aliacha.

Mwaka ulipotimia, jamaa walikusanyika. Wanawake wakubwa walimwogesha Mma Gofaone, wakamvua buluu, wakamvika gauni jipya la rangi ya udongo. Mzee Sebego alifungua chumba. Koti lilikwenda kwa Tiroyaone. Taa ilikwenda kwa binti yao, Gofaone, aliyekuja kutoka mji wa Francistown. Kofia aliichukua mzee mwenyewe, bila kueleza. Kisha akatoka barazani na fimbo yake, watu wote nyuma yake, akasimama mbele ya ua. Tlou alikuwa amelala ubavu kwenye kivuli cha mforosadi, amenenepa.

"Huyu nilimhesabu kama kitu," alisema mzee. "Nilikosea. Mnyama ni wa anayemfungulia."

"Basi ni wa Mosidi," alisema Tiroyaone. "Na Mosidi hula nyama."

Watu wakacheka. Mosidi hakucheka. "Mimi nilifungua mlango tu," alisema. "Aliyevuka mto ni wifi."

Mzee alitia mkono mfukoni, akatoa filimbi. Akamwekea Mma Gofaone kiganjani. "Sungura na filimbi huenda pamoja," alisema. Akaenda kuulizia nyama ya ng'ombe kama imeiva.

Jamaa walipokuwa wanakula, Mma Gofaone aliingia uani peke yake. Hakuipuliza filimbi. Aliitia ndani ya mfuko wa gauni jipya, akaketi chini mchangani, akangoja. Hapakuwa tena na hatua nne za kukaa mbali.

Tlou aliinuka. Alikuja taratibu, akanusa vidole, akanusa mfuko. Akalala juu ya kiatu chake.

Mma Gofaone aliweka mkono kichwani pake kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kulima. Akahisi kitu kinatetemeka chini ya kiganja. Yalikuwa meno, yale yale. Yalisaga polepole, midomo imefumba, mwili umelegea, kwa mlio mdogo ambao mtu wa mbali asingeusikia, kama treni inayopita mbali sana usiku na kila kitu ndani yake kiko salama.